Nyumba Tuiitayo ya Kudumu

Katika Magarini, tangu ng'ambo ya Mto Sabaki hadi Marereni, na tangu Mambrui pwani hadi Marafa na Adu bara, nyumba hutajwa kwa majina mawili. Iko nyumba ya udongo, na iko nyumba ya kudumu. Ya kwanza ni ya miti iliyosimikwa ardhini, ikafungwa fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Ya pili ni ya mawe, saruji na mabati, na mwenye uwezo zaidi huiwekea dari ya zege ili apate kuinua orofa juu yake. Kijana akipata kazi, swali la kwanza aulizwalo na shangazi zake ni lini ataijenga hiyo ya pili. Asipoijenga, hata awe na elimu ya namna gani, husemwa kwamba hajaanza maisha.

Mhakiki wa vitabu hulichukua neno moja la mtunzi, akaligeuza huku na huku, akauliza limefikaje mahali pale na linasitiri nini. Nyumba nayo ni kitu kisomekacho. Ina mtunzi, ina lugha, ina mambo iyasemayo waziwazi na mengine iyanyamaziayo. Mimi ni mwalimu, si mjenzi, wala sitakufundisha kupiga lipu ukutani. Lakini kazi ya kusoma tuifanyayo darasani haipaswi kuishia kwenye karatasi. Basi, msomaji, tulisome neno hili "kudumu", na tuzisome nyumba zenyewe, tuone kama neno na kitu vyapatana.

Kwamba nyumba ya zege hudumu mahali pake, hilo sibishani nalo. Lakini kuna kitu kingine cha nyumba hiyo kidumucho kuliko kuta zake, nacho hakionekani kwa macho. Ni hewa ya ukaa iliyotoka siku saruji yake ilipookwa. Sehemu ya hewa hiyo hukaa angani kwa mamia ya miaka, ikizuia joto la jua lisirudi juu, na huko itakuwako hata baada ya wajukuu wa mjenzi kuivunja nyumba na kugawana mawe.

Saruji hufanywa kwa kuoka mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la kiasi cha digrii 1450. Ukiwa mwanafunzi wa kemia utakumbuka kwamba mawe ya chokaa yakiokwa hugawanyika: kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ya ukaa. Angalia jambo hili vizuri. Hata tanuri lingechochewa kwa nguvu za jua tupu, kilo hizo 44 zingetoka vile vile, kwa sababu zimo ndani ya jiwe lenyewe. Juu yake ongeza moshi wa makaa ya mawe au mafuta yanayochochea moto. Kwa hesabu ya dunia nzima, saruji peke yake hutoa kiasi cha sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Wala haya si mambo ya mbali nasi. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na baadaye viwanda vingine vikajengwa katika Kilifi yenyewe, kwa kuwa nchi yetu ya pwani ni matumbawe ya kale, na kila tuchimbapo twapata jiwe la chokaa.

Wataalamu wa ng'ambo wakishaeleza hayo, dawa waitoayo ni moja: jengeni kwa mbao. Mti ukuapo huvuta hewa ya ukaa kutoka angani, hushika kaboni na kuachilia oksijeni. Ukiukata na kuuweka nyumbani, kaboni ile hukaa humo muda wote ambao mbao haijaoza wala kuungua. Shauri hili ni jema, lakini halifai kumezwa zima kama kidonge. Wao wasemapo hayo, machoni mwao wana ukuta wa tofali la kuchomwa au ukuta wa zege. Sisi ukuta wetu ni jiwe la matumbawe, lililokatwa timboni kwa shoka au kwa msumeno, likachukuliwa kwa gari hadi kiwanjani bila kupita motoni. Kaboni yake imo ndani yake bado, kama ilivyowekwa na wanyama wa baharini zamani zisizohesabika. Ukuta wetu basi hauna hatia kubwa. Hatia imo katika kile kinachounganisha mawe, katika lipu ya nje na ya ndani, na zaidi ya yote katika kile kilicho juu ya kichwa cha mwenye nyumba, yaani dari ya zege. Mwenye kutaka kupunguza hesabu ya hewa ya ukaa katika nyumba ya Magarini asianze kuvunja ukuta. Atazame juu.

Na juu ndiko walikotazama wazee. Ukienda Gede, kusini kidogo ya Malindi, utaona magofu ya mji uliokaliwa kwa karne kadhaa, ukahamwa katika karne ya 17. Mwaka 1927 ulitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na kuanzia mwaka 1948 James Kirkman akaufukua. Wageni wapelekwapo huko huonyeshwa msikiti, kasri, makaburi na visima. Wewe tazama upana wa vyumba. Vyumba ni virefu na vyembamba. Chumba chaweza kuwa na urefu wa kutosha watu ishirini kulala mstari mmoja, na upana wake usipite mita mbili na nusu au tatu. Kwa nini tajiri aliyekula katika sahani za China ajibane hivyo ndani ya nyumba yake mwenyewe? Hakukosa ardhi, hakukosa mawe, hakukosa mafundi.

Jawabu ni boriti. Dari ya nyumba ya mawe ya pwani yetu ilifanywa kwa boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa kwa siku nyingi. Dari hiyo ni nzito sana, na boriti ya mkoko, ambayo unene wake ni kiasi cha sentimita 12, haiwezi kubeba uzito huo ukiizidishia nafasi. Basi mti ndio uliokuwa mtunga sheria. Mwashi, bwana wa nyumba na kadhi wa mji wote waliutii. Tena sheria hiyo ilivuka bahari: majahazi yalipochukua boriti za Lamu na Rufiji kwenda Uarabuni na Ghuba, vyumba vya huko navyo vikapata upana ule ule, na ikawa hivyo mpaka karne ya 20. Mtu aliyelala Kuwait alilala katika chumba kilichopimwa na mkoko wa Afrika ya Mashariki.

Nauona ufundi mkubwa katika utii huo. Mwandishi wa shairi hukubali mizani, akatafuta uzuri ndani ya mipaka yake. Mjenzi wa Gede alikubali upana wa boriti, akatafuta utukufu katika urefu wa chumba, katika mpangilio wa milango inayofuatana, katika kivuli na ubaridi. Mjenzi wa leo, mwenye nondo na zege, hana mpaka wa namna hiyo. Aweza kuinua chumba cha mita sita kwa sita, kisha akakiwekea viti pembeni na katikati pakabaki patupu, pasipo na kazi ila kupigwa deki.

Lakini mhakiki asiwe mpambe. Kuta za Gede zimesimama, na dari zake zimeanguka. Mchwa, mvua na mizizi vilikula boriti, na boriti zilipokwenda, mawe na chokaa vikafuata. Mwenye kuipenda zege atanionyesha hayo akaniuliza kudumu kwa mti kuko wapi. Namjibu kwamba aende Lamu, mji ambao watu hawakuuhama, akazione nyumba za karne ya 18 ambazo boriti zake zingali zinabeba. Mti uliofunikwa na mvua isiufikie, ukapata hewa, ukawa na mtu wa kuuangalia na kubadili ulioharibika, huishi sana. Gede iliharibikiwa na kukosa watu kabla ya kuharibikiwa na mti. Jambo la pili ni zito zaidi. Chokaa ya Gede nayo ilichomwa. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo, yakawashwa moto, na hewa ya ukaa ikatoka katika jiwe na katika kuni pamoja. Ni kweli kwamba chokaa ikikauka ukutani hurudisha kidogo kidogo sehemu ya hewa iliyoitoa, lakini kuni hazirudi ila zipandwe. Tusiwafanye wazee malaika kwa sababu tu hawakuwa na kiwanda.

Nyumba ya udongo nitaipitia upesi, kwa kuwa wengi wenu mmelala ndani yake na hamhitaji mwalimu awaeleze. Husemwa haidumu, nayo kweli nguzo zake huliwa na mchwa na makuti yake huchakaa baada ya miaka michache. Lakini soma kasoro ilipo hasa. Haipo katika mti. Ipo pale mti ukutanapo na ardhi. Wagiriama walijua sana habari za mti udumuo. Kigango, ule mti wa kuchongwa wanaomsimamishia marehemu wa chama cha Gohu, hufanywa kwa mti mgumu kama mhuhu, na husimama nje, juani na mvuani, mguu wake udongoni, kwa miongo mingi. (Vingi vingesimama hata leo kama wezi wasingaling'oa na kuviuza ng'ambo.) Basi ujuzi ulikuwako. Nguzo za nyumba zilichaguliwa kwa haraka kwa sababu familia ilihamia shamba jipya, na nyumba haikutakiwa kuwazidi umri waliolala ndani yake. Kuiita nyumba hiyo "isiyodumu" ni kama kulilaumu jamvi kwa kuwa si kitanda.

Sasa twende mahali panapojengwa orofa, Malindi mjini au Mambrui, siku ile zege imwagwapo. Ingia chini. Utakuta msitu: mamia ya miti ya mivinje imesimamishwa bega kwa bega, na juu yake mbao zinazozuia zege lisimwagike. Piga hesabu. Dari ya mita za mraba 100, yenye unene wa sentimita 15, ni zege la mita za ujazo 15, na uzito wake ni kiasi cha tani 36. Zege bichi haliwezi kujibeba lenyewe. Kwa siku nyingi tani hizo zote 36 hubebwa na mti, tena mti mwembamba ambao juzi tu ulikuwa shambani. Zege likisha kushika, miti huondolewa, hupelekwa kiwanja kingine, na ikisha kupasuka huuzwa kuni. Kaboni iliyokusanywa na mvinje kwa miaka minne au mitano hurudi angani kwa kupika maharage. Mti umefanya kazi nzito kuliko zote, na jina la kudumu likapewa jiwe. Sijui mfano mwingine katika ujenzi wetu unaostahili zaidi kuhakikiwa kuliko huu, wala sijamwona mtu akiushangaa.

Tuendelee na hesabu, maana bila hesabu maneno haya yatakuwa porojo. Zege lile la mita za ujazo 15 litataka kiasi cha mifuko 100 ya saruji, ndiyo tani 5. Kwa wastani wa viwanda vya dunia, tani 5 za saruji zimetoa kiasi cha tani 3 za hewa ya ukaa kabla hazijafika dukani, na nondo sijazihesabu. Sasa badala ya zege weka sakafu ya mbao yenye eneo lile lile: mihimili ya sentimita 5 kwa 20, mmoja kila baada ya sentimita 40, na juu yake mbao zenye unene wa sentimita 2 na nusu. Utatumia kiasi cha mita 5 za ujazo. Mbao kavu za namna ya msonobari zina uzito wa kiasi cha kilo 500 kwa kila mita ya ujazo, hivyo jumla ni tani 2 na nusu. Nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, yaani kilo 1250. Na kila kilo 12 za kaboni zilivutwa kutoka katika kilo 44 za hewa ya ukaa. Zidisha, ugawanye: utapata tani 4 na nusu na kidogo. Sakafu moja imetoa tani 3. Nyingine imeshika tani 4 na nusu.

Hapa ndipo wapendao kusifu mbao hufunga kitabu, na hapa ndipo mimi nianzapo kuwashuku. Gogo likipita msumenoni, kiasi cha nusu yake huwa makombo na unga wa mbao. Matawi na mizizi vimebaki msituni vinaoza. Msumeno una mafuta yake, lori lina mafuta yake, na kama mbao zimetoka mbali hesabu hupungua tena. Na lililo kubwa kupita yote: tani zile 4 na nusu ni zetu kwa sharti moja tu, kwamba mahali pa mti uliokatwa pameota mwingine. Pasipoota, tumehamisha kaboni kutoka msituni hadi sebuleni, tukapoteza nusu njiani. Huo ni wizi uliovaa koti la uhifadhi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mhakiki wa nyumba ya mbao si urefu wake wala uzuri wake. Ni hili: mti huu uliota wapi, na pale ulipoota pana nini sasa?

Kwa sharti hilo, miti miwili ya fahari ya pwani yetu huondoka katika orodha mara moja. Wa kwanza ni mkoko. Msitu wa mikoko huweka kaboni nyingi katika tope lake, kwa kila hekta mara kadhaa kupita misitu mingi ya nchi kavu, na ukiufyeka tope hilo huanza kuitoa. Tena mikoko ya kwetu, toka mlango wa Sabaki hadi Ngomeni na kuendelea, imekwisha kupoteza nafasi kwa mashamba ya chumvi. Kenya ilisimamisha kuuza boriti nje mwaka 1982. Anayetaka leo kujenga dari ya Gede kwa boriti za Gede anaupenda ukale kuliko bahari. Wa pili ni mhuhu, ule mti wa vigango. Wachongaji wa sanamu walikuwa wameutumia sana hata ukaadimika katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na wengi wakageukia mwarobaini, ambao hukua upesi na hapana aulilia. Wachongaji walilisoma somo hili kabla ya wajenzi.

Na kabla yao wote walilisoma wazee wa kaya. Misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo mwaka 2008 iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, imesimama kwa sababu kulikuwa na miti iliyokatazwa na miti iliyoruhusiwa, na adhabu kwa asiyejua tofauti. Sisemi turudi kwenye viapo. Nasema kwamba shauri la kujenga kwa miti, likikosa shauri la miti isiyokatwa, ni nusu ya shauri.

Unabaki mvinje. Mvinje si mti wa fahari. Hauna kivuli cha maana, na upepo ukipita ndani yake hulia kama mtu mwenye pumu. Lakini huota kwenye mchanga, huvumilia chumvi, na katika mizizi yake hukaa vijidudu viwezavyo kuchukua naitrojeni hewani na kuifanya mbolea. Mwaka 1971, René Haller aliupanda katika mashimo yaliyoachwa na kiwanda cha Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu lisilo hata jani. Mivinje ikaota. Majani yake yalikuwa magumu hayaozi, akaleta majongoo wakayatafuna, na udongo ukaanza kufanyika. Leo pale pana msitu, nao huitwa kwa jina lake, Haller Park. Msomaji, sikuweza kubuni mfano mzuri kuliko huu hata ningejaribu: mti tunaouhitaji badala ya saruji umekwisha kuonyesha kwamba waweza kuishi katika shimo la saruji yenyewe.

Wakulima wa Kilifi wanaujua. Wapita njia kati ya Malindi na Mambrui huona mashamba yake, mistari imenyooka kama ya daftari. Lakini mvinje una kasoro, na afichaye kasoro za mti wake si mhakiki bali ni mchuuzi. Ni mgumu kuupasua kwa msumeno. Ukikaushwa haraka juani hupasuka wenyewe, na kuukausha vizuri kwataka kivuli na subira ya miezi. Ukisimikwa ardhini bila dawa, mchwa huupenda kama waupendavyo mwingine wowote. Basi usisimikwe ardhini. Wazee wa mjini walituachia baraza ya mawe mbele ya nyumba, nasi tumedhani ni ya kukalia tu. Mti uliowekwa juu ya msingi wa jiwe wa namna hiyo, mahali ambapo njia ya mchwa huonekana na kufagiliwa, umekwisha kupona nusu ya maradhi yake.

Moto je? Hili nitalijibu kwa kifupi. Makuti huwaka kama karatasi, na kila mkazi wa pwani amewahi kusikia habari ya hoteli iliyoteketea kwa nusu saa. Lakini makuti si mhimili. Mhimili mnene ukishikwa na moto huungua nje kwanza, ukafanya ganda la makaa ambalo huukinga moyo wake. Moto huula polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, na mwenye kuchora nyumba aweza kuuongeza unene kwa hesabu. Kwa hesabu hizo ndivyo walivyoinua mnara wa Mjøstårnet huko Norway, uliokamilika mwaka 2019 na kufika mita 85.

Na minara yanirudisha pwani. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya Burj Zanzibar, jengo la orofa 28, urefu wa mita 96, la kujengwa Fumba, katika Unguja, kwa mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka kuzunguka moyo wa zege wenye ngazi na lifti. Watu wengi, nami mmoja wao, tumelijua kwa michoro. Michoro ni mizuri. Bustani zimening'inia katika kila orofa, na bahari iko nyuma. Nafurahi kwamba jambo hili limefikiriwa kwetu, na kwamba mtoto wa Kizanzibari aweza kuona mbao zikiitwa jambo la kesho, wala si alama ya ufukara. Huo peke yake ni ushindi juu ya lile neno tulilolianza.

Walakini nikiuhakiki mchoro huo kwa swali langu, najiuliza miti yake itatoka nchi gani. Tanzania ina msitu wa kupandwa wa Sao Hill, huko Mufindi, wenye misonobari mingi. Bara si mbali na Unguja. Nyumba ya mbao iletwayo kwa meli kutoka Ulaya yaweza bado kuwa na hesabu njema kuliko ya zege, lakini haimpi mkulima wa Afrika ya Mashariki sababu hata moja ya kupanda. Na mimi, ambaye naishi mahali ambapo kwa miaka mingi magunia ya makaa yamesimama kando ya njia yakimngoja mnunuzi, naijali sababu hiyo kuliko urefu wa mnara. Mwenye shamba huko Adu hachomi makaa kwa kuchukia hewa. Huchoma kwa kuwa gunia lina bei leo, na mti uliosimama hauna.

Mchoro niungojao mimi ni mdogo. Ni nyumba ya orofa moja huko Gongoni au Marafa. Ukuta wake ni jiwe la timbo. Vyumba vyake ni virefu, na upana wake hauzidi mita tatu na nusu, kwa heshima ya mti. Sakafu ya juu ni mihimili na mbao. Paa limetokeza nje ya ukuta mkono mzima, ili mvua isiguse ncha za mihimili. Saruji imo, lakini katika msingi na viungo tu. Hakuna kitu ndani yake ambacho fundi wa mashua wa pwani hakijui, wala nondo ya kununua kwa mkopo.

Kizuizi cha nyumba hiyo si elimu. Mvinje wa kuzuilia zege huuzwa ukiwa na miaka minne au mitano. Mvinje wa kutoa mhimili lazima uachwe usimame miaka mingine mingi, unenepe. Mkulima anajua kwamba mti mnene una bei kubwa zaidi. Hakuna haja ya kumhutubia. Hukata ule mwembamba kwa sababu mwezi wa Januari huja kila mwaka, na Januari ina karo. Na karo hiyo, msomaji, aghalabu ni yako.